Kihamba ni Amana
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Chama chetu kina umri wa miaka 10 tu, lakini ushirika katika mlima huu wa Kilimanjaro ni wa siku nyingi. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Hata hivyo kihamba ni cha kale kuliko vyama vyote.

Yafaa tujiulize tumerithi nini hasa. Katika kihamba, juu kabisa husimama mringaringa na mruka, miti ya kivuli. Chini yake ni migomba, chini ya migomba ni mibuni, na chini ya mibuni ni magimbi na maharage. Ng'ombe na mbuzi hulishwa zizini, na samadi yao huirudia migomba. Majani makavu ya mgomba hutandazwa kuhifadhi unyevu, na maji hushuka kwa mfongo, watu wakiyatumia kwa zamu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu huu, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima.

Lakini sifa haijazi chungu. Urithi hudumu ukimfaa anayeutunza. Kijana akiona kahawa haimlipi, ataukata mringaringa auze mbao na kuing'oa mibuni. Kivuli kikiisha, jua litaukausha udongo na mvua itauchukua. Ndiyo sababu twahimiza kilimo hai. Haturudi nyuma, bali kazi waliyoifanya wazee wetu bila cheti, leo kwa cheti yaweza kupata bei iliyo bora.

Cheti nacho kina masharti. Soko la Ulaya hutaka shamba la mibuni litunzwe kwa kanuni za kilimo hai miaka 3 kabla ya mavuno kuuzwa kwa jina hilo. Tena, kwa sheria yao ya mwaka 2018, kundi lenye cheti kimoja lisizidi wanachama 2,000, na liwe na ukaguzi wake lenyewe. Basi cheti si mali ya mtu mmoja. Mwanachama akinyunyiza kwa siri dawa iliyokatazwa, au akichanganya buni za mtu asiyeandikishwa, huhatarisha jasho la wote. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Wala asidhani mtu kwamba kilimo hai ni kuliacha shamba lijilime. Chulebuni na kutu ya majani haviogopi cheti. Kinga yake ni kupogoa mibuni kwa wakati, kupanda miche ya aina zinazostahimili magonjwa hayo, ambayo wataalamu wa utafiti wa kahawa wa Lyamungu wameitoa, na kutumia samadi iliyooza vizuri.

Kwa hiyo nina maombi 3. Kwa makatibu wa vyama vya msingi: andikeni kila shamba na kila kilo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa viongozi wa Chama Kikuu: nyongeza ya bei imfikie mkulima kamili na mapema. Mkulima aliyesubiri miaka 3 kisha akacheleweshewa haki yake, hatatusikiliza tena. Na kwa wazee: wafundisheni vijana miti, mifereji na mbegu, na akina mama, ambao ndio wenye elimu ya aina za ndizi na chakula cha kihamba, waandikwe kuwa wanachama kamili wenye sauti mkutanoni.

Ndugu wanachama, kihamba ni amana tuliyokabidhiwa, nasi tutaikabidhi kwa wengine. Tukiilinda kwa umoja na uaminifu, watakaokutana hapa miaka 10 ijayo watatushukuru.

Chama chetu kidumu.