Moto Mdogo Ndani ya Mishipa

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walikogundulika, mwaka 1983. Leo, Ngara hata Biharamulo, ARV zinawafikisha watu uzeeni. Ni furaha kubwa.

Lakini moyo uangaliwe. Hata virusi vikifubazwa, kinga ya mwili hubaki imechachamaa, na kuta za mishipa huvimba kwa ndani. Chembe nyeupe za damu humeza mafuta yaliyojipenyeza humo, hufa, na utando hujengeka. Siku ukipasuka, damu huganda, njia ikaziba.

Mwaka 2023, utafiti wa watu 7,769 wenye VVU, wakiwemo wa Uganda, ulionyesha pitavastatini, dawa ya kushusha lehemu, ikipunguza mashambulizi ya moyo, kiharusi na madhara kama hayo kwa asilimia 35. Kliniki za wilaya zipime presha na lehemu sasa, zisisubiri kifua kiume.