Kila Mtoto na Mahali Pake

(Maneno yaliyonenwa na katekista mbele ya waalimu wa Shule ya Jumapili na wazee wa kanisa, katika mkutano wa Yubile)



Tumepewa kusema juu ya darasa la watoto wa Jumapili: jinsi ya kuwaketisha, na jinsi ya kuwatengenezea mahali pa kufanyia kazi zao, ikiwa chumba ni kidogo. Huenda mtu akaliona neno hili kuwa jepesi mno katika siku kubwa kama hizi, tunapomshukuru Mungu kwa makanisa yaliyojengwa na mapadre waliowekewa mikono. Lakini na tukumbuke asili ya Yubile yenyewe. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliamriwa kwamba katika mwaka wa hamsini baragumu ipigwe, watumwa waachwe huru, na kila mtu airudie milki yake na jamaa yake. Yaani, Yubile ni mwaka wa kumrudisha kila mtu mahali pake. Basi ikiwa sisi twafanya Yubile, na mtoto mmoja katika darasa letu hana mahali pa kuketi, yatupasa kuulizana twashangilia nini.

Tena na tukumbuke Shule ya Jumapili ilianzishwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester huko Uingereza, Robert Raikes aliwafungulia shule watoto wa maskini waliofanya kazi siku zote za juma, wasiwe na nafasi katika shule nyingine yo yote. Na upande wetu huu, Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, wanafunzi wa kwanza aliopewa walikuwa watoto watano waliotolewa katika utumwa. Watano tu! Jamvi moja lawatosha. Kutoka darasa hilo ikakua shule ya Kiungani, na kutoka Kiungani wakatoka waalimu na mapadre walioivuka bahari kwenda bara. Basi asidharau mtu darasa la jamvi moja.

Sasa na tutazame mambo yalivyo katika mitaa yetu. Mara nyingi watoto hupewa chumba kilichosalia baada ya wote kupata vyumba vyao. Pengine ni ghala ya kanisa, penye ngoma, makopo ya rangi, na viti vibovu. Watoto huingia mbio kama maji yaliyofunguliwa; mwenye nguvu hushika mahali pema, na mnyonge hubanwa ukutani. Mtoto wa mtu anayejulikana huitwa mbele. Mtoto mwenye nguo iliyochanika hahitaji kuambiwa aende nyuma; huenda mwenyewe. Asiyesikia vema huona haya kusema, akakaa mlangoni, akatabasamu wenzake wanapocheka. Naye atokaye mbali hufika amechelewa, akasimama dirishani nje.

Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwakemea watu waliompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri, na maskini wakamwambia asimame au akae chini miguuni. Sisi wazee twalisoma neno hilo kanisani, na chumba cha pili watoto wetu wanafundishwa kinyume chake kwa mahali walipoketishwa. Mahali humfundisha mtoto kabla mwalimu hajafungua kinywa. Twalia kila mwaka kwamba vijana wametoka kanisani. Lakini kijana hatoki kwa siku moja; huanza kutoka siku ile alipokuwa mdogo akakaa karibu na mlango, wala hapana aliyemwuliza kwa nini.

Bwana wetu alipotaka kuwalisha watu nyikani, hakuanza na mkate. Mtakatifu Marko atuambia ya kwamba kwanza aliwaamuru waketishwe vikundi vikundi juu ya majani mabichi, mia mia na hamsini hamsini. Ndipo akaubariki mkate. Twaona sababu yake. Watu wakiketi kwa utaratibu, mwenye kugawa hufika kwa kila mmoja, hata kwa mzee na kwa mtoto. Wakisongamana, wenye nguvu hula mara mbili.

Basi twawaletea maneno matano.

Neno la kwanza: chumba kipimwe. Wengi wetu hatujui chumba chetu chachukua watoto wangapi. Tuchukue mfano wa chumba chenye futi 15 kwa 12. Mbele, tumtengee mwalimu na ubao wake futi 4. Zimesalia futi 11. Ubavuni, tuache njia ya futi 2 ili mwalimu apate kumfikia hata mtoto wa mwisho. Zimesalia futi 10. Mtoto aketiye mkekani akikunja miguu ataka kama futi 2 kila upande. Basi safu moja ni watoto watano, na safu ni tano: jumla watoto 25. Wakija 40, tusiwasonge. Wakubwa waende pamoja na mwalimu wa pili chini ya mwembe, au waje saa nyingine. Watoto 25 wasikiao ni faida kuliko 40 wanaosukumana.

Neno la pili: mwanga na hewa. Mwalimu asisimame na dirisha nyuma yake, maana watoto humwona kama kivuli tu, na macho yao huuma. Mwanga na utoke upande wa mkono wa kushoto wa watoto, ili mkono wa kulia uandikao usitie kivuli juu ya kazi. Aandikaye kwa mkono wa kushoto asilazimishwe kubadili mkono. Akalishwe mwisho wa safu, kiwiko chake kisigombane na cha jirani. Na hewa ipite. Mwajua habari ya Eutiko katika Matendo ya Mitume, sura ya 20: alikaa dirishani orofa ya tatu, Paulo akinena hata usiku wa manane, akalala akaanguka. Watu humcheka Eutiko kwa usingizi wake. Lakini Mtakatifu Luka hakuacha kutuambia ya kwamba chumbani mlikuwa na taa nyingi. Basi tusimpige mtoto asinziaye kabla ya kutazama madirisha. Chini ya mabati, baada ya saa nne asubuhi, hata mzee husinzia. Tena mlango na dirisha viwe wazi daima, ili kila mzazi apitaye aone yanayofanyika ndani; hiyo ni heshima kwa mwalimu na salama kwa mtoto.

Neno la tatu: vitu vya kukalia. Siku hizi mitaa mingi imenunua viti vya plastiki. Ni vyema kwa watu wazima. Lakini mtoto wa miaka mitano akikalia, miguu yake hubaki yaning'inia, mgongo hauegemei, na baada ya dakika kumi aanza kuyumba. Mwalimu husema ni mtukutu, kumbe ni kiti. Kipimo ni rahisi: mtoto asimame, tupime toka sakafuni hata nyuma ya goti lake, hicho ndicho kimo cha kiti chake. Seremala wa mtaa aweza kukata benchi fupi kwa watoto wadogo na ndefu kidogo kwa wakubwa. Na pasipo benchi, mkeka hauna aibu. Mama zetu wajua kusuka. Mkeka hukunjwa, hubebwa, hauli nafasi. Sakafu inyunyizwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, vumbi lisiwaingie watoto kifuani. Na viatu vipangwe mlangoni, jozi kwa jozi, ili mtoto asitoke na kandambili za mwenziwe.

Neno la nne: mahali pa kazi. Mtoto hajifunzi kwa masikio tu. Ataka kuandika, kuchora, na kufinyanga. Mpeni kila mmoja kibao chepesi cha kuweka magotini, kimepigwa randa kisiwe na vibanzi. Ikiwa mwataka meza, si lazima kununua: ubao mrefu wenye upana wa futi 1, ukiwekwa juu ya matofali, ni meza ya watoto watano. Lakini mjue ya kwamba hapo kila safu yataka futi 3 badala ya 2, na chumba kile cha kwanza kitachukua safu tatu, watoto 15 tu. Basi chagueni kwa hesabu. Kwa wale wadogo kabisa, sanduku pana lenye mchanga safi hutosha: huandika kwa kidole, hufuta kwa kiganja, na mwalimu aweza kuwaonyesha mto Yordani na njia ya Yeriko. Udongo wa mfinyanzi uwekwe katika beseni karibu na mlango, pamoja na maji ya kunawa. Ubao na picha zishushwe hata kimo cha macho ya mtoto aliyeketi; picha iliyotundikwa juu huwafaa wazee waingiao kukagua. Chaki, kalamu na karatasi ziwe katika kikapu kimoja kwa kila safu, na mtoto mmoja awe mtunzaji wa juma hilo.

Neno la tano, nalo ndilo kubwa: nani akae wapi. Mwalimu na afike kwanza, asimame mlangoni, ampokee kila mtoto kwa jina lake na kumwonyesha mahali. Wadogo wakae mbele, warefu nyuma. Asiyesikia vema na asiyeona vema wakae karibu na mwalimu, naye asiitangaze sababu. Mwenye mguu mbovu akae kando ya njia, apate kuinuka pasipo kuwavuka wenzake. Mtoto mgeni aketi kati ya wawili wapole. Ndugu wawili wachanga wasitengwe siku ya kwanza. Kila Jumapili safu ya nyuma isogee mbele kwa zamu, isipokuwa wale wenye haja tuliowataja, ili pasiwe na mtoto wa mlangoni wa kudumu. Na nafasi mbili zibaki wazi karibu na njia kwa ajili ya wachelewao. Mtoto aliyechota maji, akambeba mdogo wake, akatembea mwendo wa saa nzima, hakuchelewa kwa uvivu. Akute mahali palipomngoja.

Lakini tumesikia wengine wakisema, Fedha ziko wapi? Twajibu: hesabuni. Mikeka mitatu, mbao chache, matofali yaliyosalia katika ujenzi, sanduku la mchanga. Haya hayapiti gharama ya mapambo ya sikukuu moja. Wengine husema, Chumba si chetu peke yetu. Baada yetu huingia kwaya. Ni kweli, ndiyo maana twapenda vitu vikunjwavyo na kubebwa. Liwepo kasha moja lenye kufuli, na watoto wakubwa wanne wafundishwe kutandika na kukunja. Kazi hiyo ni ya dakika chache, nayo ni fundisho: mtoto amtandikiaye mwenziwe mkeka amekwisha jifunza nusu ya somo. Wengine tena husema, Sisi tulisoma juu ya mawe, nasi tumekuwa watu. Ndugu zetu, hao ni sisi tulio hapa. Waliokaa juu ya mawe yale wakaenda zao hawamo katika mkutano huu kutoa ushuhuda wao.

Wahenga walisema, Ukiona vyaelea, vimeundwa. Utaratibu wa darasa hauji wenyewe. Kuna mtu aliyepima, aliyefagia, aliyehesabu. Kwa hiyo twawaomba wazee wa kanisa jambo moja lililo dhahiri. Kabla ya mwaka huu wa Yubile kwisha, kila mtaa uchukue kamba ya kupimia, uingie chumba cha watoto siku ya Jumapili, wakiwa wamo ndani. Wazee waketi chini pamoja nao, katika safu ya nyuma, muda wa somo moja. Watazame kama wauona ubao, kama wamsikia mwalimu, kama miguu yao imepata nafasi. Kisha warudi barazani waandike katika kitabu cha mtaa: chumba chetu chachukua watoto kadha wa kadha, wanaokuja ni kadha wa kadha, na waliopungukiwa mahali ni kadha wa kadha. Hesabu hiyo ya mwisho isomwe mbele ya kanisa lote, na sadaka ya shukrani ianze hapo.

Nanyi waalimu wenzetu, mnaofundisha bila mshahara, wengine mkiwa mmeamka usiku kufika mapema, msingoje hata mbao zije. Jumapili ijayo mwaweza kusimama mlangoni. Mwaweza kuuondoa ubao dirishani na kuuweka penye mwanga mwema. Mwaweza kumwita yule mtoto wa nje, kwa jina lake, na kumwambia, Mahali pako ni hapa.

Mungu aibariki Yubile hii, na watoto wote walioitiwa. Amina.