Paroko wa Barbiana: Maskini na Haki ya Neno



Mkiulizwa padri wa maskini ni yupi, wengi mtamtaja anayegawa unga na mablanketi. Jioni hii nazungumzia paroko aliyegawa maneno.

Lorenzo Milani alizaliwa Florence, Italia, mwaka 1923, katika familia ya wasomi matajiri isiyoshika dini. Alipata upadri mwaka 1947, akapangiwa Calenzano, parokia yenye wafanyakazi wengi wa viwandani. Huko aligundua jambo lililomkosesha usingizi: waumini walikuja kanisani, wakakaa kimya, wakaondoka bila kuelewa mahubiri, kwa kuwa walinyimwa lugha ya kuyaelewa. Akafungua shule ya jioni kwa vijana wote, wakiwemo Wakomunisti, na ili asiwepo wa kujiona mgeni, akaondoa msalaba ukutani mwa darasa. Padri, kuondoa msalaba! Waliomlaumu walikuwa wengi. Mimi naona hakuwahi kuhubiri vizuri kuliko siku hiyo.

Desemba 1954 akahamishiwa Barbiana, mlimani katika eneo la Mugello: kanisa na nyumba chache zilizotawanyika, pasipo barabara, maji ya bomba wala umeme. Kila mtu alijua hiyo ni adhabu. Kesho yake baada ya kufika, kijana huyo wa miaka 31 akaenda kununua nafasi ya kaburi lake katika makaburi ya hapohapo.

Kisha akaanza kufundisha. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wakulima na wachungaji, wengi wao wakiwa wameshafelishwa na shule za serikali. Walisoma kutwa nzima, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Walisoma gazeti pamoja, na neno gumu halikurukwa: limetoka wapi, lina maana gani, nani analitumia kumtisha nani. Aliyechelewa kuelewa alingojewa, na somo halikusonga mpaka naye ameshika. Wakubwa waliwafundisha wadogo. Michezo hakuiruhusu, na hapo simfuati. Mtoto wa maskini naye ana haki ya kucheza.

Mei 1967 wanafunzi wake wanane wakatoa kitabu walichokiandika pamoja, *Lettera a una professoressa*, yaani barua kwa mwalimu. Kwa takwimu za serikali yenyewe, walionyesha kwamba shule ilikuwa ikiwatupa nje watoto wa maskini mwaka baada ya mwaka.

Nayasema haya chuoni kwa sababu sisi ndio wenye maneno. Fomu ya mkopo, hati ya kiwanja, hukumu ya mahakama: vyote huandikwa na watu waliopita katika kumbi kama hii, na mwenye shida hulazimika kumtafuta mtu wa kumsomea. Nawaomba, kabla ya kuandika utafiti mwingine kuhusu umaskini, mkae na mmoja wa wenye shida hao mpaka aelewe karatasi aliyoishika mkononi.

Milani alifariki kwa saratani tarehe 26 Juni 1967, akiwa na miaka 44. Walimzika Barbiana akiwa na mavazi ya misa na viatu vyake vya kupandia mlima. Miaka 50 baadaye, tarehe 20 Juni 2017, Papa Fransisko alikwenda huko, akasali mbele ya kaburi lake.