MAGUGU YAFAAYO: CHAKULA CHA NYUKI NA MAVUNO YA MKULIMA

(Maneno ya mazungumzo kwa wakulima)



Shamba safi ni sifa ya mwenyewe. Magugu hunyang'anya mazao maji na rutuba, na mahindi yaliyosongwa hayawezi kuzaa vema. Hata hivyo yafaa kujua ya kuwa gugu si adui kila mahali. Kishona nguo kilicho katikati ya maharagwe ni mwivi. Lakini kishona nguo hicho hicho, kikiota ukingoni mwa njia au kandokando ya mfereji, ni ghala ya chakula cha nyuki.

Mfano mzuri ni mbilingani. Ua lake lina chavua, yaani ule unga wa manjano utungishao matunda. Lakini unga huo umefungwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, mfano wa kikopo cha chumvi. Nyuki wa asali hana ufundi wa kuutoa. Wako nyuki wa porini, kama yule mkubwa mweusi atoboaye mbao, ambao hulikumbatia ua na kulitetemesha kwa mvumo wa miili yao mpaka unga ukamwagika.

Wataalamu walichunguza jambo hili huko Nguruman, katika Kajiado, na habari zao zikachapishwa mwaka 2008. Waliona ya kuwa mibilingani ya huko husaidiwa sana na nyuki wa porini, na nyuki hao nao hutegemea mimea ya mwitu iliyo karibu na mashamba. Sababu yake ni wazi. Ua la mbilingani halina maji matamu, wala nyuki hawezi kuishi kwa unga mtupu. Tena mbilingani hauchanui mwaka mzima. Mkulima akifyeka kila ua la mwitu, amewafukuza vibarua wasiodai mshahara, na siku atakapowahitaji hatawaona.

Hali ya maboga na matikiti ni karibu na hiyo. Maua yake ya kiume na ya kike yametengana, na wadudu wasipouchukua unga kutoka huku kwenda kule, tunda halipatikani.

Basi imempasa mkulima apalilie kati ya mazao bila huruma, lakini aache ukanda mwembamba wa maua mipakani. Aukate kabla mbegu hazijakomaa, nusu kwanza na nusu baadaye, ili nyuki wasikose chakula. Kiduha, kinyonyacho mizizi ya mahindi, king'olewe popote kionekanapo. Dawa ya wadudu isinyunyizwe maua yakiwa wazi. Na gogo kavu lenye matundu ya nyuki lisitiwe motoni.

Jirani akiucheka ukingo wenye maua, na asubiri siku ya mavuno, ahesabu mabilingani.