Mashine Nafuu na Kanda Zetu



Nimeombwa niseme machache juu ya mitambo ya kutengeneza video mezani. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Sisi wa Bara tulingoja hadi 1994. Enzi hizo kuhariri picha kulihitaji chumba kizima cha mitambo ya bei kubwa.

Mwaka 1990 kampuni ya NewTek ya Marekani ilitoa Video Toaster, kifaa cha kupachikwa ndani ya kompyuta ya Amiga. Lakini kilifuata mfumo wa televisheni wa kwao, NTSC, nasi tulitumia PAL. Nafuu yetu ilikuja na kamera za DV, zilizotoka mwaka 1995. Waya mmoja tu uliingiza picha katika kompyuta ya kawaida.

Mwaka 2004, nikiwa chuo kikuu, nilinunua kompyuta kuukuu, nikawa narekodi harusi hapa Dodoma wakati wa likizo. Mwaka huohuo nilirekodi hotuba ya kuaga ya mwalimu wetu wa Fizikia. Alizungumza karibu saa nzima, akatutaja mmoja mmoja kwa majina.

Sasa naungama mbele yenu. Saa moja ya DV hula gigabaiti 13 hivi, na diski yangu ilikuwa ya 40. Harusi ikaja, nafasi hakuna, na fedha ya kanda mpya hakuna. Nilibakiza dakika nne za hotuba ile, nikafuta nyingine, kisha nikarekodi harusi juu ya kanda yake. Nilijiambia kwamba mwalimu yupo, tutarudia. Hatukurudia. Mwalimu ametangulia mbele ya haki, na katika dakika zile nne hamna jina la mtu hata mmoja.

Ndugu zangu, mashine nafuu ilitupa uwezo wa kurekodi. Haikutupa busara ya kutunza. Leo hata simu hurekodi, lakini deki za kusomea kanda za zamani zinaadimika, na kanda zenyewe zinaota ukungu makabatini.

Naomba kila mmoja akapekue nyumbani. Mwenye kanda ya shule yetu ailete, mwenye deki nzima atuazime. Tuzihamishe, tuweke nakala mbili mahali pawili, na tuandike majina ya waliomo wakati bado tunawakumbuka.