SPESA YA KABURETA NA NGUVU YA MASHINE ZA BOTI ZA MIPIGO MIWILI

Matini ya mazungumzo kwa wavuvi, manahodha, mafundi na watumishi wa Serikali wanaotunza boti

Mashine za boti za mipigo miwili zingali zinatumika katika visiwa vya Unguja na Pemba kwa sababu ni nyepesi na hutengenezeka hata ufukweni kwa vifaa vichache. Miongoni mwa mabadiliko yanayofanywa katika injini za aina hii ni kuweka spesa, yaani kipande bapa chenye tundu katikati, baina ya kabureta na mwili wa mashine, kwa matumaini ya kuongeza nguvu. Inafaa kila anayehusika aelewe kipande hicho hufanya nini na hakifanyi nini.

Namna mashine inavyovuta pumzi

Pistoni inapopanda, shinikizo hupungua ndani ya chemba ya kranki, na mchanganyiko wa hewa, petroli na oili huvutwa kutoka kwenye kabureta kupitia vali ya ndimi. Ndimi hizo ni vipande vyembamba vinavyofunguka kuelekea ndani na kujifunga vyenyewe. Pistoni inaposhuka, mchanganyiko hubanwa humo, kisha husukumwa kwenda kwenye silinda. Chemba ya kranki, kwa hiyo, ni pampu; na pampu inayovuja haivuti ipasavyo.

Kazi ya spesa

Mchanganyiko unaoingia hauendi kama maji ya mferejini, bali kwa mapigo. Mashine inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta mara 50 kwa kila sekunde. Njia ya kuingilia ikirefushwa, mapigo hayo huafikiana zaidi na mizunguko ya chini. Ikifupishwa, huafikiana na mizunguko ya juu. Ndiyo maana mashine iliyowekwa spesa huweza kuvuta vyema zaidi inapoondoka, lakini ikapungukiwa inapofikia kasi kubwa. Spesa haizalishi nguvu mpya. Aghalabu huihamisha nguvu iliyopo kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Mahali inapowekwa pia pana athari. Ikikaa baina ya kabureta na vali ya ndimi, hurefusha njia tu. Ikikaa baina ya vali na chemba ya kranki, huongeza pia ukubwa wa chemba, hivyo mchanganyiko hubanwa kidogo kuliko awali na mashine huitika kwa upole zaidi. Aidha, spesa ya milimita 10 katika njia ya milimita 100 imeongeza asilimia 10 tu ya urefu. Asitarajie mtu kugeuza mashine ndogo kuwa kubwa kwa kipande hicho.

Boti si pikipiki

Mwenye pikipiki hubadilisha gia apandapo kilima. Boti ina gia moja ya kwenda mbele, na mzigo wake ni propela. Mizunguko ya propela ikiongezeka mara 2, nguvu inayohitajiwa huongezeka takriban mara 8. Kwa hiyo boti iliyosheheni ambayo haifikii mizunguko iliyoandikwa katika kitabu cha mashine haihitaji spesa kwanza. Ichunguzwe kama chini yake pameota magugu na chaza, kama kabureta na plagi ni safi, na kama propela ni ya kipimo kinachofaa. Propela yenye mabapa yaliyolala zaidi huiwezesha mashine kuzunguka kwa wepesi chini ya mzigo.

Hatari iliyopo

Kila spesa huongeza maungio mapya, na kila ungio ni mlango wa hewa. Hewa ikipenya baada ya kabureta, petroli hupungua katika mchanganyiko, na oili iliyochanganywa nayo hupungua vilevile. Mashine hupata moto kupita kiasi, pistoni hukwama ndani ya silinda, na chombo huachwa kikielea. Jambo hilo likitokea katika mkondo wa Pemba wakati wa kusi, hasara yake si ya mashine peke yake, bali ni ya roho za watu.

Yanayoshauriwa

1. Spesa iwe na nyuso zilizonyooka, na gasketi mpya pande zote mbili.

2. Tundu lake lilingane na la kabureta, lisiache kingo ya kuzuia hewa.

3. Boliti ziwe ndefu zaidi kwa kadiri ya unene wa spesa, na zikazwe kwa zamu, hatua kwa hatua.

4. Waya wa mafuta ukaguliwe, uweze kurudi bila ya kukwama.

5. Mashine ijaribiwe karibu na pwani. Ikipandisha mizunguko yenyewe, au plagi ikitoka nyeupe, izimwe na maungio yakaguliwe kabla ya safari.

6. Asiye na hakika arejeshe mashine kama ilivyotoka kiwandani.

Ndugu Wananchi, mashine inayowarejesha mabaharia nyumbani kila siku ina faida kubwa kuliko ile iendayo kasi kwa siku chache. Tahadhari kabla ya athari.