Pengo la Bajeti Atalijaza Nani?

(Mazungumzo na wanachama, Mbagala)



Leo nataka tuzungumze juu ya upungufu wa bajeti. Wengi wakisikia neno hili huwaachia wataalamu wa Dodoma. Lakini kila mama mwenye biashara pale Rangi Tatu anaijua maana yake: Serikali imekusudia kutumia fedha nyingi kuliko inazopata. Njia ni tatu tu: kuacha baadhi ya matumizi, kuongeza kodi, au kukopa.

Ile ya kwanza ndiyo wanasiasa hupenda kuiahidi, maana anayeumia hatajwi. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, na shilingi bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco mpaka Mwenge. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Lilikuwa jambo jema, kwani lilitufundisha adabu ya kutumia mali ya umma. Lakini bajeti ya mwaka ule ilikuwa kiasi cha shilingi trilioni 22.5. Fanyeni hesabu ndugu zangu: bilioni 4 hazifiki hata shilingi 2 katika kila shilingi 10,000. Pengo haliwezi kujazwa kwa sherehe.

Basi hubaki kodi na mkopo. Kodi mnaikumbuka. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja. Mchuuzi wa hapa akimtumia mama yake fedha Rufiji alikatwa, na mama alipozitoa naye akakatwa. Wananchi wakalalamika, na Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Mkopo nao si haramu. Barabara ya mabasi yaendayo haraka hapa Kilwa Road imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ni yetu, na deni ni letu. Lakini mwenye kukukopesha amekushika mkono. Tulipovunja uhusiano na Uingereza mwaka 1965 kwa ajili ya Rhodesia, mkopo wa pauni milioni 7 na nusu ulizuiliwa. Waliotunga Azimio la Arusha mwaka 1967 walikuwa wameyaona hayo kwa macho yao.

Mwaka 2013 nchi za Afrika Mashariki zilitia sahihi mjini Kampala kwamba upungufu usizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Vizuri. Basi akija mtu viwanja vya Zakhem kuomba kura, akaahidi lami, maji na zahanati, na papo hapo akaahidi kupunguza upungufu, msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni: utaacha nini, na utamtoza nani? Akisema atafuta safari na chai za ofisini, mwambieni alete hesabu.

Sasa maswali. Mama pale mbele, mkono wako nimeuona tangu zamani.